Kasi ya baiskeli haipimwi kwa umri wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala ya michezo mliyoichapa majuzi, ile iliyodai kwamba baiskeli za mbio za siku hizi zimeziacha za zamani mbali kabisa, na kwamba kijana mwenye fremu ya chuma asijisumbue hata kusogea kwenye mstari wa kuanzia. Mwandishi wenu aliweka mwendo wa wastani wa Tour de France, yale mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Ufaransa, kilomita 25.7 kwa saa mwaka 1903 na kilomita 42 mwaka 2022, halafu akatuachia tuamini kuwa pengo lote hilo ni kazi ya baiskeli.

Mimi ni fundi baiskeli. Nimestaafu kwenye benchi, lakini spana hazijanitoka mkononi, na baiskeli ninayoendesha mpaka leo ni ya chuma, ya miaka ya themanini, yenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini la fremu. Sisemi kwamba inaikuta ya kaboni. Haiikuti. Ninachobisha ni ukubwa wa pengo na mahali linakotoka, kwa sababu msomaji akikosea hapo atabadilisha kitu ambacho hakikuwa na shida na kukiacha chenye shida.

Tuanze na huo mwaka 1903. Maurice Garin aliposhinda Tour ya kwanza, mashindano yote yalikuwa na hatua sita tu katika kilomita 2,428. Hiyo ni zaidi ya kilomita 400 kwa hatua moja, nyingine wakiondoka usiku, kwenye barabara za vumbi na mawe, kila mtu akiwa fundi wa baiskeli yake. Hili la ufundi si dogo. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, alipokuwa akiteremka mlima wa Tourmalet. Akabeba baiskeli yake kwa miguu mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma kwa mikono yake mwenyewe, maana kanuni zilikataza kusaidiwa. Waamuzi wakamwadhibu hata hivyo, eti kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto. (Kila nikisoma habari ile nawachukia waamuzi wale upya.) Mtu wa namna hiyo ukimpima kwa kilomita kwa saa, umepima nini? Halafu Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano, aliwanyima gia za kuhamisha mnyororo mpaka mwaka 1937, ingawa zilikuwapo tayari. Kwa hiyo mtu akiniambia baiskeli ya zamani, kwanza namwuliza ya lini. Kati ya ile ya Garin na ile ya miaka ya sabini kuna umbali mkubwa kuliko kati ya hiyo ya sabini na ya leo.

Kama mnataka kulinganisha, linganisheni mtu mmoja juu ya baiskeli mbili. Bahati nzuri mtu huyo yupo.

Chris Boardman wa Uingereza, Septemba 1996, kwenye uwanja wa ndani wa Manchester, aliendesha kilomita 56.375 katika saa moja, peke yake. Hii ndiyo inayoitwa rekodi ya saa: unazunguka mpaka saa iishe, halafu wanahesabu umekwenda umbali gani. Alikuwa ameinyoosha mikono yote miwili moja kwa moja mbele, kifua kimeshuka, na baiskeli yenyewe ilikuwa imechongwa kwa ajili ya upepo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, likaona rekodi inageuka kuwa ya mashine. Mwaka 2000 likaamua kwamba anayeitaka rekodi ya saa atumie baiskeli ya aina aliyotumia Mbelgiji Eddy Merckx mwaka 1972: mabomba ya mviringo, magurudumu ya spoku, usukani wa kawaida uliopinda chini, bila kofia ya kuchongoka. Oktoba mwaka huohuo Boardman akarudi uwanja uleule wa Manchester, safari hii kwa umbo la zamani. Akapata kilomita 49.441.

Merckx alikuwa amepata 49.431, tena kule Mexico City, juu sana, ambako hewa ni nyepesi na inampendelea mwendeshaji. Boardman alimpita kwa mita kumi.

Kati ya Boardman wa 1996 na Boardman wa 2000, kwenye uwanja uleule, kuna karibu kilomita saba. Nakubali, alikuwa ameongeza miaka minne na alikuwa anaelekea kustaafu, kwa hiyo mzigo wote usitwishwe baiskeli. Lakini angalieni hasa kilichoondolewa. Hakupokonywa miguu, hakupokonywa mazoezi ya kisasa. Alipokonywa mkao, na pamoja nao vile vitu vya kukwepa upepo. Na kama bado mnaamini ni suala la miaka, mtazameni Filippo Ganna wa Italia, ambaye mwaka 2022, UCI ikiwa imeshalegeza sharti la baiskeli ya Merckx, aliweka kilomita 56.792. Miaka 26 ya kompyuta, mahandaki ya kupimia upepo na nguo za kushonwa kwa vipimo vya mwili, na ziada yake kwa Boardman wa 1996 ni mita 417. Kwa nini ni ndogo hivyo? Sababu moja kubwa ni kwamba mkao ule wa mikono mbele ulishapigwa marufuku. Kanuni ilimrudisha nyuma, teknolojia ikamsukuma mbele, vikakaribia kukutana.

Nitoe mfano wa barabarani, nisije nikaambiwa uwanjani ni mambo mengine. Mwaka 1964 Mholanzi Peter Post alishinda Paris–Roubaix, mbio za siku moja za Ufaransa, kwa wastani wa kilomita 45.129 kwa saa, juu ya chuma, viatu vimefungwa kwenye pedali kwa mikanda. Rekodi ile haikuvunjwa mpaka mwaka 2017, Greg Van Avermaet alipofikisha 45.204. Hapo katikati zilipita alumini, kaboni, pedali za kubana kiatu kwa kubofya, gia zikiongezeka nyuma mwaka hadi mwaka, na miaka 53 yote hiyo ikazaa mita 75 kwa saa. Milan–San Remo nayo, mbio za siku moja za Italia, mwendo wa Gianni Bugno wa mwaka 1990, kilomita 45.8 kwa saa, ulidumu mpaka 2024. Mtasema upepo ulikuwa mgongoni mwao siku zile. Ndivyo! Hicho ndicho ninachosema: upepo wa siku moja uliweza kufunika maendeleo ya viwanda ya miongo mitatu na zaidi. Najua pia kwamba tangu hapo wamepaa. Mathieu van der Poel mwaka 2024 alishinda Roubaix kwa kilomita 47.8 kwa saa. Baiskeli imechangia, tairi hasa, nitazifikia. Lakini watu hawa siku hizi wanakula gramu 90 mpaka 120 za wanga kila saa wakiwa juu ya tandiko, na kundi linakimbizwa tangu kilomita za kwanza. Mshindi wa mwaka 1964 mngempa hayo, halafu ndipo mlinganishe.

Sasa sababu. Kwenye tambarare, ukishapita kilomita 30 kwa saa, asilimia 80 hivi ya nguvu yako inaliwa na hewa, na katika hiyo, karibu robo tatu inagonga mwili wako, si baiskeli. Nguvu ya kuipasua hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kwa lugha ya benchi: ukitaka kasi iongezeke kwa asilimia 10, miguu itoe nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 33. Ndiyo maana ni vigumu sana kutoka 35 kwenda 38, na ndiyo maana fremu iliyochongwa vizuri, ambayo kweli inapunguza upepo, inaleta faida inayoonekana kwenye saa ya mwamuzi lakini ambayo mwendeshaji wa kawaida anaihisi kwa shida. Ukipunguza ukinzani wa hewa kwa sehemu moja ya kumi, mtu wa kilomita 30 kwa saa anapata karibu kilomita moja zaidi. Ni nyingi kwa anayeshindana. Si ya kumfanya mwenye chuma akae nyumbani.

Mpwa wangu ana baiskeli ya kaboni ya juzijuzi, nyaya zote zimefichwa ndani, breki za diski, gia za umeme. Alipokuja nayo mara ya kwanza aliniambia, "Mjomba, hiki chuma chako sasa ukiningʼinize ukutani." Nikamwambia sawa, lakini kwanza tukakijaribu. Tukachagua mteremko mrefu unaoishia kwenye tambarare, siku tulivu, tukakubaliana hakuna kupiga pedali: unaachia breki, unaserereka, pale baiskeli inaposimama unachora mstari kwa chaki. Tukabadilishana baiskeli, tukarudia, tukabadilishana tena.

Mwanzoni alinipita, akacheka. Nikamtazama vizuri. Yeye alikuwa amevaa nguo ya kubana na ameinama, viwiko vimekunjwa. Mimi nilikuwa na shati lisilofungwa vifungo, linajaa upepo mithili ya tanga, na mikono juu ya usukani. Nikafunga shati, nikaliingiza ndani ya suruali, nikashika pembe za chini za usukani, nikakunja viwiko. Mstari wangu wa chaki ukasogea mbele kuliko uliposogea tulipobadilishana baiskeli. Yeye naye, nilipomwambia akae wima juu ya kaboni yake, alisimama nyuma ya chuma changu. Tulilala na ubishi huo, lakini chaki ilikuwa pale pale kwenye lami.

Halafu tairi. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, ugunduzi wa kweli wa miaka ya karibuni ulipo, na hauhitaji fremu mpya. Zamani tuliamini tairi nyembamba iliyojazwa mpaka iwe jiwe ndiyo inayokwenda. Milimita 20, milimita 23, pauni 120 za upepo, ukipita kwenye kokoto meno yanagongana. Tukasahau kwamba baiskeli inaporuka juu ya kila kijiwe, nguvu yako inakwenda kuirusha juu badala ya kuisogeza mbele. Leo hata mabingwa wanatumia milimita 28 na zaidi, upepo wa chini, kuta za tairi laini zinazokunjika kirahisi. Tulizivua za mpwa wangu tukazivika kwangu na tyubu ndani, maana rimu zangu ni 700C, kipimo kilekile cha zake. Breki zangu za zamani zina mikono mirefu, kwa hiyo milimita 28 zilipita. Kwenye uma wa mbele ulibaki mwanya wa kupenya ukucha tu, lakini gurudumu lilizunguka huru. Kwenye barabara ileile ya kila siku ule mtetemo uliokuwa unapanda mpaka mabegani ukapotea. Hesabu nayo inakubali: kwa mtu na baiskeli wenye kilo 80 pamoja, wakienda kilomita 35 kwa saa, kutoka tairi inayosukumika kwa shida kwenda tairi nzuri huokoa wati 15 hivi, ambazo ni kama robo tatu ya kilomita kwa saa au zaidi kidogo. Fremu nzima ya gharama kubwa inahangaika kukupa hizo.

Uzito nao umetiwa chumvi sana. Toleo la Krismasi la mwaka 2010 la jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la daktari mmoja wa usingizi aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli. Alikuwa nazo mbili, ya chuma yenye kilo 13.5 na ya kaboni yenye kilo 9.5, na kila siku ya kwenda alirusha sarafu ili imwamulie ipi apande. Njia ya kwenda na kurudi ilikuwa kilomita 43 hivi. Baada ya safari 30 za chuma na 26 za kaboni, wastani wa chuma ulikuwa saa moja, dakika 47 na sekunde 48. Wa kaboni saa moja, dakika 48 na sekunde 21. Toleo lile la Krismasi hupenda utani, lakini saa yake haikuwa ya utani.

Mlimani ni habari nyingine, na hapo namwachia mwandishi wenu pointi yake. Ongeza kilo tatu za chuma kwenye zile 80, panda mwinuko mkali kwa saa nzima, utachelewa dakika mbili na ushee. Mbio za milimani huamuliwa kwa chini ya hapo. Ila kwenye tambarare kilo hizohizo tatu zinakula wati moja tu. Na UCI tangu mwaka 2000 hairuhusu baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8, wakati ile ya Merckx ya 1972, ya chuma, ilikuwa chini ya kilo sita. Ilitobolewatobolewa kila mahali, ni kweli, na ilitengenezwa kwa kazi ya saa moja tu.

Kitu ambacho baiskeli mpya inanishinda nacho bila ubishi ni mikono. Kubadilisha gia kwangu maana yake ni kuachia usukani, kushuka na mkono mpaka kwenye bomba la chini, kukisogeza kishikio kisicho na alama yoyote, na kusikiliza. Mnyororo ukikwaruza, unarudisha kidogo, ukinyamaza, umefika. Nilikuwa naweza kufanya hivyo nikizungumza na mtu. Lakini kwenye kona, mwenzako akishambulia, unabaki na gia uliyonayo kwa sababu hutaki kuachia usukani, wakati mwenye gia za kisasa ameshapanda mbili kwa kidole. Ukiwa ndani ya kundi, hilo ndilo linalokuacha nyuma, si uzito. Na mvua ikinyesha, breki zangu zinahitaji mzunguko mzima wa gurudumu kufuta maji kabla hazijashika, kwa hiyo naanza kufunga mapema, kwa hiyo nateremka polepole. Diski hazina mchezo huo.

Kama mnataka kumsaidia kijana mwenye chuma, mwambieni habari za mwaka 1989. Siku ya mwisho ya Tour, kilomita 24.5 kutoka Versailles mpaka Paris, kila mtu peke yake dhidi ya saa. Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. LeMond alifunga usukani wa nyongeza wa kulaza mikono mbele, akavaa kofia ya kuchongoka. Fignon alikwenda kichwa wazi, nywele zake ndefu zimefungwa nyuma, mikono imetanuka. LeMond alikwenda kilomita 54.5 kwa saa, akamtoa sekunde 58, akachukua Tour nzima kwa sekunde 8. Zama zilikuwa zilezile kwa wote wawili. Kilichowatenganisha kilifungwa kwa nati chache na spana ya kawaida.

Kwa hiyo mwendeshaji anayebanwa na mfuko aanze na tairi, kisha nguo, kisha mkao, kisha mnyororo safi, na fremu ije mwisho kabisa. Nimeona baiskeli mpya zikiletwa kwenye benchi na mnyororo mweusi wa uchafu unaosaga chembe za mchanga ndani ya meno, mwenyewe akilalamika kuwa mashine haikimbii.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mtakapochapisha tena mwendo wa mashindano, andikeni pembeni upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, barabara ilikuwa na hali gani, na kama mshindi alikimbia peke yake au ndani ya kundi. Na kama mwandishi wenu bado ana ubishi, aje na baiskeli yake ya kaboni siku isiyo na upepo. Mteremko nitautafuta mimi, tairi tutazijaza pamoja mbele ya macho yake, nguo avae zilezile raundi zote, tubadilishane baiskeli mpaka aridhike. Chaki ninayo. Saa ya kupimia alete yeye.

Wenu,
Fundi baiskeli mstaafu